Jana Haikutokea Kitu

Wanangu wa Kimana, nasikia kuna kundi jingine linajiandaa kwenda Kitengela mavuno ya vitunguu yakiisha, kutafuta kazi ya kiwanda. Sina neno la kuwazuia. Shamba la ekari mbili haligawiki kwa ndugu sita, na ng'ombe mliwaona wenyewe walivyoteketea katika ukame wa 2022. Nendeni. Ila mimi nilitangulia huko kabla ninyi hamjazaliwa, viwanda vya kemikali vikanilisha mpaka mvi zikanijaa, na nina jambo moja la kuwaambia. Mengine yote nitakayosema ni matawi yake.

Mkishafika huko mtamsikia mtu akisema, "Mbona jana tulifanya hivi hivi na haikutokea kitu?" Atasema msimamizi anayetaka tani zake zitoke kabla ya zamu kwisha. Atasema mwenzako aliyechoka. Utasema wewe mwenyewe kimoyomoyo, saa tisa usiku, glavu zimelowa jasho na miwani imefunga ukungu. Ukilisikia neno hilo karibu na pipa la kemikali, simama kwanza. Kutotokea kitu jana hakuthibitishi kwamba kazi ya jana ilikuwa salama. Pengine ilikuwa bahati tu, na bahati haiandikwi kwenye daftari la zamu ili anayepokea kazi ajue imebaki kiasi gani.

Wazee wenzangu wamezoea kufunga mazungumzo ya msiba kwa kusema ajali haina kinga. Msibani ni maneno mema, yanampoza mfiwa. Kiwandani siyakubali hata kidogo. Ajali ya kiwandani kinga inayo, na mara nyingi ina hata tarehe: siku fulani fundi aliomba vali mpya, akaambiwa tungoje mwezi ujao.

Msiingie huko mkidhani kemikali ni mambo ya wageni. Mtoto wa Kimaasai huanza kusoma kemia joshoni kabla hajakalia dawati. Wenye umri wangu wanamkumbuka msimamizi wa josho na kijiti chake chenye alama, akipima kina cha maji kabla ya kumimina dawa. Ng'ombe kila akipita hutoka na dawa kwenye manyoya, na mvua nayo huongeza maji. Asiyepima hajui aliyonayo ni dawa au ni matope. Ikiwa hafifu, kupe wanabaki hai na kuizoea. Ikizidi, ndama wanaanguka. Hakuna aliyeona kupima kuwa uoga. Mzee yule hata angekuwa na haraka ya kwenda harusini, kijiti kilizama kwanza.

Mama zenu nao wanatia kipande cha magadi kwenye maharage ili yaive upesi. (Wasizidishe. Magadi yetu yana floraidi nyingi, na meno ya kahawia mnayoyaona kwa watu wa Bonde la Ufa hayaletwi na ukosefu wa mswaki. Ni floraidi ya maji, na magadi huongeza.) Magadi hayo hayatoki mbali. Yanatoka ziwani upande wa magharibi wa kaunti yetu hii ya Kajiado, ambako kiwanda cha kemikali kimekuwapo tangu 1911, mwaka ule ule ambao Wamaasai walitiwa katika mkataba wa pili wa kuhamishwa kutoka Laikipia. Kwanza ilikuwa Magadi Soda, mwaka 1924 ikaingia mikononi mwa Brunner Mond ya Uingereza, na 2005 Tata ya India ilipoinunua Brunner Mond, Magadi ikaenda pamoja nayo. Reli ilijengwa kutoka Konza kushuka hadi ziwani kwa ajili ya chumvi hiyo.

Kazi yenyewe ukiitazama ni nyepesi kuieleza. Ukoko wa magadi hayo, uitwao trona, unachimbwa ziwani, unasagwa, unaoshwa, kisha unachomwa katika tanuri mpaka maji na hewa ya kaboni dayoksaidi vitoke, na kinachobaki ni sodaashi. Hiyo ndiyo inayoingia katika kioo cha dirisha, katika chupa, katika sabuni ya unga. Chemchemi za moto zilizo kandokando ya ziwa zinaendelea kuleta maji yenye chumvi hiyo, jua linayakausha, ukoko unajijenga tena. Machimbo machache duniani yana neema hiyo. Lakini hata penye neema hiyo kuna mipaka. Kule Magadi walijenga mtambo wa pili, wa gharama kubwa, wa kutoa sodaashi safi zaidi. Mwaka 2014 ukafungwa, gharama ya kuuendesha ikiwa imewashinda, na watu wakarudi nyumbani. Ziwa lilikuwa palepale. Malighafi haikupungua. Kilichoshindwa ni hesabu ya nishati. Likumbukeni hilo, maana nitalirudia nikifika kwenye sabuni yenu.

Sasa Kitengela. Mimi naikumbuka ikiwa mbuga ya nyumbu wanaotoka katika Hifadhi ya Nairobi kufuata majani mabichi. Serikali ilipotunga sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1990 na eneo la Athi River likafunguliwa, watu walihitaji pa kulala, wakavuka barabara wakaja kulala Kitengela. Viwanda vya saruji, rangi, mbolea, ngozi na dawa za usafi viko upande huo wote. Na kitu kimoja kilichofanyika pole pole bila mtu kutia sahihi ni hiki: viwanda vilijengwa penye uwazi, kisha nyumba zikavisogelea. Mtu anapata ploti ya bei nafuu, hajiulizi kwa nini ni nafuu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa kodi ya nyumba Kitengela au Mlolongo, tembeeni kwanza. Tazameni moshi unaelekea wapi asubuhi na wapi jioni. Upepo wa upande huo kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka mashariki, basi pangeni mashariki ya kiwanda kama mnaweza. Ulizeni mfereji unaopita nyuma ya nyumba unatoka wapi. Kule Sinai, Nairobi, Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka kituo cha bomba la mafuta ikaingia mferejini, ikateremka hadi kwenye mabanda yaliyojengwa juu kabisa ya njia ya bomba. Watu wakatoka na ndoo na mitungi kuchota. Moto ulipowaka walikufa zaidi ya 100. Waliochota hawakuwa wajinga. Walikuwa maskini, na kuvuja kwa mafuta kwao kulikuwa riziki. Ndiyo maana nawasihi mfanye uamuzi huu mapema, mkiwa mmeketi mmeshiba: petroli ikimwagika, hata awe nani anachota, wewe unakwenda upande wa pili na mtoto wako mgongoni.

Kiwandani penyewe mtapewa ovaroli, gambuti, glavu na kofia. Msipopewa, ombeni, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamwagiza mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Inamwagiza pia aweke karatasi ya maelezo ya usalama kwa kila kemikali ya hatari, na wafanyakazi wakifika 20, pawe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Sheria hiyo inamkataza kukuadhibu kwa kulalamikia hatari. Najua, najua. Kibarua wa siku atamlalamikia nani, na kesho getini wamepanga foleni wengine mia? Sitawadanganya kwamba sheria inasimama getini na kuwatetea. Lakini mtu anayejua kilichoandikwa huuliza kwa namna tofauti. Usiseme, "Bosi, mnatuua." Sema, "Naomba kuona karatasi ya hii kemikali kabla sijaimimina." Bosi mwema ataitafuta. Bosi mbaya atajua kwamba unajua.

Na jifunzeni alama. Nembo ni chache na hazihitaji Kiingereza: fuvu na mifupa ni sumu ya kuua upesi, mkono unaoliwa na matone ni kitu kinachounguza ngozi na jicho, mwali ni kinachoshika moto, samaki aliyekufa na mti mkavu ni kinachoua mto. Ziko kwenye pipa la kiwandani. Ziko pia kwenye chupa iliyo stoo ya baba yako hapa Kimana.

Kuna jambo la matangi ambalo sitalipita upesi, kwa sababu limeondoka na vijana wazuri. Tangi lililokwisha kumwagwa halijawa tupu. Lina mvuke, au lina kutu iliyokwisha kula oksijeni yote, na macho hayaoni wala pua haisemi. Kijana anashuka na fagio, anaanguka bila kupiga kelele. Mwenzake anachungulia, anaona rafiki yake amelala, anaruka ndani kumwokoa. Wa tatu naye. Wamarekani wa taasisi ya usalama kazini, NIOSH, walipochunguza vifo vya namna hiyo waliona zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa waokoaji. Upendo wenyewe ndio unaoua. Usiruke. Piga kengele, vuta kamba kama ipo, subiri mwenye mtungi wa hewa. Ni jambo gumu kuliko yote ninayowaambia leo.

Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, sikitaji jina, tulikuwa na mzee wa Kikamba, msimamizi wa zamu. Nje ya kila tangi alitundika ubao mdogo mweusi. Anayeingia huandika jina lake na saa kwa chaki, kwa mkono wake mwenyewe. Pembeni husimama mtu mmoja ameshika kamba, na mtu huyo hana kazi nyingine: haruhusiwi kuchota maji, wala kujibu simu, wala kusaidia kubeba gunia. Kabla ya yote, kipimo cha hewa kinateremshwa kwa uzi, juu, katikati, chini, kwa sababu gesi nyingine ni nzito na hukaa chini kabisa. Zamu yake ilichelewa kila mara. Vijana tulimcheka, tukamwita Karani. Miaka yote aliyokuwapo hakuna jina lililobaki ubaoni bila kufutwa na mwenyewe.

Akaja meneja mpya, akafungua vitabu, akaona zamu ya mzee inatoa mzigo mdogo. Akauliza, hizi taratibu zote ni za nini wakati kiwanda hiki hakina ajali? Mzee akahamishiwa stoo, akawa anahesabu magunia. Ubao ukaondolewa.

Sasa mtaona kwa nini neno lile la jana haikutokea kitu linaniuma. Siku nyingi ambazo hapakutokea kitu, pana mtu aliyefanya kazi ili kisitokee. Usalama ukifanikiwa hauonekani, na kisichoonekana ndicho kinachokatwa kwanza bajeti inapobana. Mtu haulizwi kamwe, "Leo umezuia nini?" Anaulizwa ametoa tani ngapi. Mkija kuwa mameneja, na wengine wenu mtakuwa, tafuteni alipo Karani kabla hamjamhamishia stoo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Bhopal, India. Kiwanda cha Union Carbide kilitengeneza dawa ya wadudu iitwayo Sevin, na ndani yake palihifadhiwa kemikali kali, methili isosianeti, ambayo ikikutana na maji huchemka na kugeuka gesi ya kuua. Palikuwa na mtambo wa kuipoza. Ulikuwa umezimwa kwa kubana matumizi. Palikuwa na mnara wa kuchoma gesi itakayovuja. Ulikuwa umekatwa bomba ukingoja matengenezo. Palikuwa na chombo cha kuiosha gesi, hakikuwa tayari. Kila kimoja kilipozimwa, hapakutokea kitu. Usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984, maji yakaingia tangini, na tani zipatazo 40 zikavuka ukuta zikawakuta watu wamelala. Hesabu ya serikali ya jimbo ni vifo 3,787. Wengine wanakadiria zaidi ya 15,000. Waliokufa wengi hawakuwahi kulipwa mshahara na kiwanda hicho hata siku moja. Walikuwa wapangaji wa karibu.

Msidhani hiyo ni habari ya Wahindi peke yao. Ile Furadan ambayo wafugaji wa kwetu waliinyunyiza kwenye mizoga kuua simba waliokula mifugo ni ya ukoo mmoja na Sevin, na kemikali ile ile ya Bhopal hutumika kuitengeneza. Ilikuja kama dawa ya wadudu wa udongo, ikauzwa dukani kwa bei ya mtu yeyote, ikaua simba, fisi na tai, hapa Amboseli na kwingineko. Kampuni ya Marekani iliyoitengeneza, FMC, ikaiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009 baada ya kelele kubwa. Kemikali haijui mpaka wa kazi iliyotengenezewa. Inafanya kile inachoweza kufanya, popote itakapofikishwa.

Na kama mnataka mfano wa hapa nyumbani wenye hukumu ya mahakama, nendeni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi kilifunguliwa ubavuni mwa kijiji mwaka 2007. Moshi ukaingia majumbani, maji machafu yakapita wanakocheza watoto. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe akaugua, vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto. Aliacha kazi akaanza kupigana. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Na katika mgawanyo wa mzigo huo, sehemu kubwa iliwaangukia wakaguzi wa serikali walioruhusu, siyo mwenye kiwanda peke yake. Hesabuni miaka. Aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17 Mahakama ya Juu iliposema neno la mwisho. Risasi ikishaingia katika ubongo wa mtoto, fidia haiwezi kuitoa.

Watu wa Owino Uhuru walitumia Katiba ya 2010, kifungu cha 42, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi. Nanyi mnayo. Lakini ningependa zaidi mpaze sauti mapema, kabla ya kuhitaji wakili.

Nirudi hapa Kimana, maana nawaona mnaobaki mkitikisa vichwa kana kwamba maneno haya ni ya wanaosafiri. Ninyi mnatumia kemikali kali kuliko baadhi ya viwanda vya Kitengela, na hamna hata kamati. Nyanya zinapuliziwa Jumatatu zinauzwa Jumatano. Kijana anabeba pampu mgongoni inavuja, amevaa kandambili, anapima dawa kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kikionekana hakitoshi anaongeza cha pili na kuchanganya na dawa nyingine ya jina tofauti. Majina mawili ya biashara mara nyingi ni sumu ile ile moja. Umezidisha dozi mara mbili bila kujua. Soma jina dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa. Tazama rangi ya ukanda chini ya lebo: nyekundu ni kali kabisa, kisha njano, kisha buluu, na kijani ndiyo nafuu. Soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mwaka 2025 bodi ya kudhibiti dawa za wadudu iliondoa sokoni bidhaa 77 na kuwekea masharti nyingine 202. Muulizeni mwenye agroveti kama anayo orodha, na mtazame uso wake anavyojibu.

Pampu ikishaoshwa, maji yake yanakwenda wapi? Mferejini. Mfereji unakwenda bwawani, ndovu wanakunywa, ng'ombe wa boma la chini wanakunywa. Maji ya chini ya Kilimanjaro hayaishii kwetu. Bomba la Nolturesh linayatoa huku upande wetu wa Loitokitok na kuyasafirisha hadi Machakos na Athi River. Sisi tuko juu ya watu wengi kuliko tunavyodhani. Chupa nazo: suuza mara tatu, mimina masuuzo ndani ya pampu yaishie shambani, kisha itoboe chupa. Nimeona mtungi wa dawa ukitiwa maziwa. Umesafishwa sana, mama mwenye mtungi aliniambia, hata harufu hauna.

Sasa ninyi wa kikundi cha sabuni, mlioleta fomu ya mkopo mkitaka niwe mdhamini.

Kazi yenu naipenda. Nimewaona nyuma ya duka: ufacid ile nzito ya rangi ya kahawia, ambayo ni asidi, mnaikoroga na maji, kisha mnatia sodaashi iliyoyeyushwa kidogo kidogo mpaka ukali uishe, ndipo inafuata ungerol ya kuongeza povu, chumvi ya kuifanya iwe nzito, rangi na marashi. Sodaashi inaweza kuwa imetoka ziwa letu wenyewe. Povu linalopanda mnapochanganya ni ile ile kaboni dayoksaidi inayotoka tanurini Magadi, na ndiyo maana nilimfokea yule aliyetaka kufunga kifuniko cha pipa ili povu lisimwagike. Gesi ikikosa njia itajitafutia, na atakayekuwa mbele yake ni yeye. Kostiki mnaitia ndani ya maji, hammimini maji juu ya kostiki. Dawa ya kung'arisha nguo haikutani na dawa ya choo yenye asidi, kamwe, hata kwenye ndoo ya kuoshea. Zikikutana zinatoa klorini, gesi iliyoua askari katika vita vya 1915. Na chupa za soda acheni. Mteja hana shida nazo, ila mtoto wa mteja akiona chupa ya soda anaona soda.

Hayo mnayajua nusu. Msilolijua ndilo lililo katika fomu: mnataka kutoka ndoo ya lita 20 kwenda tangi la lita 1,000, na mmeandika kwamba utaratibu utabaki ule ule kwa kuwa umefanya kazi mwaka mzima bila tatizo. Jana haikutokea kitu, sivyo? Jana ilikuwa ndoo. Asidi na magadi vikikutana vinatoa joto. Ndoo ni ndogo, ubavu wake wote uko karibu na hewa, joto linatoka lenyewe wala hamlioni. Tangi likikua mara 50 kwa ujazo, ngozi yake ya nje haikui mara 50, inakua mara 13 au 14 hivi. Joto lile ambalo ndoo ililipumua tangi linalimeza. Mchanganyiko unapanda moto, povu linaumuka mara moja badala ya pole pole, na kijana aliye juu ya ngazi na mwiko hana pa kukimbilia. Viwanda vikubwa vimeungua kwa kosa hilo hilo, na wenye viwanda walikuwa wahandisi.

Kukua sikukatai, ila ukumbukeni ule mtambo wa pili wa Magadi. Nendeni lita 100 kwanza, mpime joto kwa kipimajoto, si kwa kiganja, mwandike kila mchanganyiko daftarini, mjue linapanda kiasi gani na kwa muda gani. Kisha 300. Mkopo ugawanyeni hivyo hivyo, msichukue wote kwa pamoja kisha riba iwasukume kujaza tangi ambalo bado hamlijui. Kabla ya tangi nunueni bomba la maji safi lililo hatua chache kutoka mahali pa kuchanganyia, la kuoshea jicho kwa dakika 15 bila kukatika, na Kimana maji yakikatika kazi inasimama. Toboeni mlango wa pili. Chimbeni shimo la kutulizia maji machafu, mlijengee saruji, mpime ukali wa maji hayo kwa karatasi ya rangi kabla hayajatoka. Katika bajeti yenu nimeona matangi, marashi, stika za chupa na pikipiki ya kusambaza. Bomba, mlango wa pili, shimo na karatasi ya rangi sikuviona.

Fomu niachieni. Leteni karatasi nyingine, hata ya daftari la shule, mnichoree chumba chote: pipa la asidi liko wapi, kostiki iko wapi, mlango wa pili unatokea wapi, na maji yakitoka pale yanapita shamba la nani kabla ya kufika mferejini. Mwenye shamba hilo aje naye. Tukielewana sisi wote, nitatia sahihi siku hiyo hiyo.